Kikaratasi cha Njano Juu ya Jina Langu

Kwao sikujui, na ukoo wake sikuuliza. Nilimkuta tayari ni mzee, suruali imepigwa pasi ya mkaa mpaka mstari unakata, sweta la kijivu mwilini hata mwezi wa kumi, Mpanda inapowaka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Wote tulimwita Mwalimu. Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, na kile kituo cha afya cha misheni cha hapa Makanyagio kilimchukua aje kukaa na kompyuta. Mimi nilikuwa nafagia pale na kupika chai. Shule yangu iliishia darasa la nne kule Inyonga, kwa hiyo anayetafuta maneno makubwa humu asipoteze muda wake.

Naandika habari zake kwa sababu moja. Kituoni wapo waliosema, na mpaka leo wapo wanaosema, kwamba Melania hakusema. Kwamba Melania alichomwa sindano inayomkataa kwa sababu mwenyewe alifunga mdomo. Melania ni mimi. Nilisema. Nilimwambia Mwalimu, akaandika kwa vidole vyake nikiwa nimesimama pembeni na birika. Huyo ndiye shahidi wangu, sina mwingine. Sasa shahidi huyo ni mtu wa namna gani, ngoja niwaeleze, maana si mtu wa kuelezwa kwa neno moja.

Kwanza, alikuwa hasalimii. Wewe ndiye wa kumsalimia, hata kama yeye ndiye aliyekukuta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mlango."

Maana yake ufunge mlango, vumbi linaingia. Vumbi la Mpanda alilichukia kama watu wanavyomchukia mchawi. Kompyuta aliifunika kitambaa cha kufuma, vile vya kuwekea makochi, na kila asubuhi alikivua taratibu, anakikung'uta nje dirishani, anakikunja, ndipo anaiwasha. Halafu anaongea nayo. Sisi watu yeye hatusalimii, lakini ile mashine anaiuliza, "Bibi, umeamkaje leo?" Ikichelewa kuwaka anaibembeleza. Siku jenereta ilipozima ghafla alisikitika kabisa. "Pole, Bibi. Hawajui wanalofanya hawa."

Pili, alikuwa anasahihisha. Hakuna kilichomshinda kusahihisha. Sokoni mwenye bucha mmoja alikuwa ameandika ubaoni NYAMA YA NG'OMBE SAFI. Mwalimu akashuka kwenye baiskeli, akasimama na watu nyuma yake kwenye foleni.

"Safi hapa ni nyama au ni ng'ombe?"

"Mwalimu, unanunua hununui?"

"Nataka kujua ninachokula."

"Ng'ombe alikuwa anaoga kila siku, mzee wangu. Nikupimie?"

"Nusu. Na huo ubao ufute."

Watu wakacheka mpaka shoka la bucha likasimama. Yeye hakucheka. Alipita pale siku nyingine na chaki, akaandika upya mwenyewe. Padri alikuwa akikosea tarehe kwenye matangazo, Mwalimu anainuka benchi la mbele, anasema tarehe sahihi, anakaa. Padri anasema, "Asante, Mwalimu," misa inaendelea. Tulikuwa tumezoea. Ndiyo maana nawaambia, mtu huyu alikuwa hawezi kuliona kosa likapita mbele yake akanyamaza. Angalau ndivyo tulivyodhani.

Roho yake ilikuwa na vyumba viwili ambavyo havijuani. Kalamu yake hakukuazima hata kama unataka kuandika jina la marehemu. Alinijibu mimi hivyo, "Kalamu ni kama mswaki." Lakini baiskeli yake ileile, bibi yeyote aliyekuwa anatoka kliniki na miguu imevimba, alipakiwa nyuma akapelekwa mpaka Kawajense, Mwalimu anakokota mlimani kwa miguu, jasho linapita kwenye sweta. Na ukimshukuru anakufokea. "Kaa vizuri, utaanguka, kisha waseme mimi."

Na majina. Alifundisha mabinti wa parokia kuchapa, bure kabisa, jioni baada ya kazi. Hakumwita hata mmoja kwa jina lake. "Wewe wa dirishani." "Wewe wa mlangoni." Mimi nilikuwa "Mama wa Chai." Karani aliyekuwa chini yake, kijana wa tai anayeitwa Doroteo, yeye alikuwa "Wewe wa mikono michafu." Nikamuuliza siku moja, Mwalimu, mbona watu huwaiti majina?

"Majina yanachanganya," akasema. "Mahali mtu alipokaa hapachanganyi."

Haya, mtu wa namna hiyo ndiye aliyeiandika programu ya majina ya wagonjwa.

Aliiandika mwenyewe. Kompyuta ilikuja kwa treni kutoka Tabora, imefungwa magodoro, msaada wa watu wa nje, na ndani ya boksi mlikuwa na vitabu vinene vya Kiingereza. Mwalimu alivisoma kwa kuweka rula chini ya mstari, kama mtoto wa darasa la kwanza, mezani mwake, chai inapoa. Nilikuwa naitoa naleta nyingine. Yalipopita masika alikuwa ameanza kuiamrisha ile mashine. Kadi za wagonjwa zilikuwa zimejaa makasha, panya wamezila pembe. Yeye akaziingiza moja moja.

Wasioijua hiyo kazi niwaeleze nilivyoiona mimi. Kwenye kioo majina yalipangwa wima, A juu, Z chini. Kulikuwa na kile kidude cha kuburuta mezani, wakati huo wao walikiita mausi, na ukikiburuta kuna kishale kinatembea kwenye kioo. Ukilibonyeza jina, faili la mtu linafunguka, lakini kwa uvivu, ungeweza kwenda kisimani ukarudi. Nesi mwenye mgonjwa wa kuchoma hana muda huo. Kwa hiyo Mwalimu akataka kitu kimoja. Ukikituliza kishale juu ya jina, bila kubonyeza chochote, kichomoze kikaratasi kidogo cha njano pembeni, kina maneno machache ya mtu yule tu. Ana kisukari. Ni kiziwi, mwandikie. Asipewe dawa fulani. Ukiondoa kishale, kikaratasi kinapotea.

Siku kikaratasi kilipochomoza mara ya kwanza aliniita mimi nikione, maana hakukuwa na mtu mwingine. Akaweka kishale kwenye jina la juu. Kikaratasi kikatoka, kimeandikwa Orodha ya Wagonjwa. Akashusha kwenye jina la pili. Orodha ya Wagonjwa. Akaenda mpaka chini kabisa. Orodha ya Wagonjwa.

"Kinasema kilekile," nikasema.

"Naona, Mama wa Chai. Nina macho."

"Sasa?"

Akavua miwani. Alikuwa anapenda kufundisha, hata mfagizi. "Pale nje kuna benchi la wagonjwa, sivyo? Wewe ukimtazama, unaona watu. Mashine hii kwake ni benchi tu. Inajua kishale kimekaa kwenye benchi. Haijui kimekaa kwa nani."

"Si uiambie?"

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Leta chai."

Ilimchukua muda. Ikabidi aifundishe kupima kishale kiko mstari wa ngapi kutoka juu, kisha iende ichukue maneno ya mtu wa mstari ule. Nakumbuka asubuhi ile ilipokubali, alipiga meza kwa kiganja na chai yangu ikamwagika kwenye kitambaa chake cha kufuma. Hakunifokea. Hapo ndipo nilipojua kuwa imekubali.

Akaanza kuyaandika maneno ya kila mtu. Ya wengine aliyatoa kwenye kadi, ya wengine aliuliza. Mimi mwenyewe nilikuwa natibiwa palepale. Akanigeukia.

"Na wewe. Kitu gani kinakukataa?"

"Penisilini," nikamwambia. "Nikiwa msichana kule Inyonga walinichoma, nikavimba macho yakafunga, pumzi ikakata. Mama alianza kulia msiba. Mganga wa zahanati akamwambia, huyu msimchome hii tena, mtamzika."

Akaandika. Herufi kubwa: ASICHOMWE PENISILINI. HUVIMBA. Akanisogezea kiti. "Soma."

Nikasoma, pole pole, kwa kidole.

"Ni sahihi?"

"Ni sahihi, Mwalimu."

"Hayo sasa ni yako peke yako. Hata Papa hana." Nikacheka. Alikuwa akifurahi anakuwa na mzaha wa namna hiyo, mkavu, halafu anakutazama kama kwamba wewe ndiye uliyetania.

Hayo ndiyo maneno wanayosema sikuyasema.

Sasa niwaambie kuhusu kosa, maana lilikuwepo, na yeye ndiye wa kwanza kulijua. Kikaratasi kilikuwa kinasema kweli kama kishale kinatoka nje ya orodha na kuingia juu ya jina. Lakini ukikiteleza kishale kutoka jina moja hadi la chini yake bila kukitoa nje, kikaratasi kilibaki palepale na maneno ya jirani wa juu. Kwa mashine, mgeni hajaondoka bado, yuko kwenye benchi lilelile, ya nini kumtafutia maneno mapya? Mwalimu mwenyewe lilikuwa halimpati, kwa sababu alikuwa na mkono wa zamani. Kila jina alikuwa anakitoa kishale nje, pembeni kabisa, kisha anakirudisha, kama mtu wa kalamu ya kuchovya anavyorudi kwenye wino. Ni Doroteo aliyekuwa anateleza. Mwalimu akalia na kosa lile siku nzima, anasema na Bibi yake, halioni linapojificha. Akamwambia Doroteo, mbele yangu:

"Wewe wa mikono michafu. Kila jina, toa nje, rudisha. Toa, rudisha. Mpaka nitengeneze."

"Sawa, Mwalimu."

"Sema."

"Toa, rudisha."

Na akaenda kwa mratibu wa kituo. Huyu anaitwa Lazaro, na jina lake naliandika kwa raha, aje aniulize. Lazaro alikuwa mtu wa redio begani na viatu vya kung'aa, anasema Kiingereza na wageni na kutukana kwa Kifipa. Nilikuwa naosha vikombe dirishani, nikasikia kila kitu.

"Nipe wiki moja," Mwalimu akasema. "Kadi za zamani zisiondolewe bado."

"Mwalimu, wageni wanakuja Jumanne. Hao ndio waliotoa mashine. Wiki ijayo utamwonyesha nani, kuku?"

"Kuna kosa dogo kwenye vikaratasi."

"Dogo?"

"Dogo. Lakini lipo."

"Basi kama ni dogo litakaa kimya siku moja. Wewe si umesema mwenyewe, vikaratasi hivyo hakuna kituo kilicho navyo huku kote? Wageni lazima wavione."

Nilitegemea Mwalimu asahihishe. Alichosema ni hiki: "Ni kweli. Hakuna."

Lazaro akaamuru makasha ya kadi yapelekwe stoo nyuma ya jiko, eti yanachafua sura ya ofisi. Niliyabeba mimi na mlinzi.

Jumanne ile nilikuwa na homa, kifua kimebana, na nilikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana. Kwa hiyo sikufagia, nilikuja kama mgonjwa. Lazaro alikuwa amewapanga wagonjwa benchi zima kwa mfuatano wa majina, kama paredi, ili wageni waone mashine inavyoita mmoja baada ya mwingine bila kukosea. Haijawahi kutokea siku nyingine. Sisi siku zote aliyewahi ndiye anayetangulia, na mwenye mtoto anayelia anapishwa. Kabla yangu kwenye benchi alikaa Mektilda, mama wa Kawajense, mwenzangu wa kwaya. Akaninong'oneza, "Leo tunaolewa na kompyuta." Tukacheka, mimi nikakohoa.

Wageni walisimama na kamera. Doroteo alikaa kwenye mashine, tai mpya. Mwalimu nyuma yake, mikono mgongoni. Mlango wa chumba cha sindano ulikuwa wazi, karani anaita jina na kusoma kikaratasi kwa sauti, nesi anachukua. Kazi ilikuwa inakwenda mbio. Wageni wanatikisa vichwa.

"Mektilda! Penisilini, hana tatizo!"

Mektilda akaingia, akatoka anajisugua.

"Melania! Penisilini, hana tatizo!"

Nikaingia. Nesi alikuwa Adelina. Naye namtaja, ingawa alikuwa na moyo mzuri kuliko hao wawili. Nikamwambia, "Nesi, mimi kuna sindano inanikataa."

"Kompyuta imesema huna tatizo."

"Mwalimu aliniandika."

"Si ndiyo hiyo ya Mwalimu imesoma? Utabishana na kompyuta mbele ya wageni, mama? Lala."

Nililala. Nilikuwa na homa, nilikuwa mwanamke wa kufagia, na mlangoni wamesimama wazungu na kamera. Wanaouliza kwa nini nililala hawajawahi kusimama pale.

Yaliyofuata siyakumbuki yote. Nakumbuka midomo kujaa, na dari ya bati kuja karibu. Walikuwa na dawa ya kunirudisha, wakanirudisha. Mimba haikurudi. Alikuwa wa kiume, Mektilda ndiye aliyeniambia, maana ndiye aliyemfunga kitenge. Hapo nisiseme zaidi.

Kikao kilifanywa barazani, mimi nimekaa nimejifunga khanga tumboni, mume wangu pembeni. Lazaro alisoma kwenye karatasi: mgonjwa hakutoa taarifa ya tatizo lake. Doroteo akaulizwa, akasema alisoma kilichoandikwa. Adelina akasema yeye alisikia karani. Wote walisema kweli zao ndogo ndogo, na zote zikikusanywa zikawa uongo mmoja mkubwa. Nikasema, nilimwambia Mwalimu. Watu wakamgeukia Mwalimu.

Mtu aliyesimamisha misa kwa ajili ya tarehe. Mtu aliyefuta ubao wa bucha. Alikuwa anatazama mikono yake. Akaigeuza, akatazama viganja. Lazaro akasema, "Tuendelee," wakaendelea.

Baada ya siku hiyo Mwalimu alijifungia na mashine. Wanasema alikuwa hali mpaka abembelezwe. Halafu akatuma mtu nyumbani kuniita. Nilikuwa bado na miguu ya maji, lakini nilikwenda, maana nilidhani ameniita aseme lile neno ambalo hakulisema kikaoni.

"Njoo uone," akasema.

Akaweka kishale jina la juu kabisa, akakiteleza pole pole kwenda chini, bila kukitoa nje. Kila jina, kikaratasi cha zamani kilikuwa kinazimwa kwanza, ndipo kipya kinachomoza. Mektilda akawa na ya kwake, Melania ya kwake, herufi kubwa, kama nilivyoyasoma kwa kidole. Kumbe ilikuwa hivyo tu, ikumbushwe mstari wa mwisho ilikokuwa, na ukibadilika, iue kikaratasi cha zamani kabla ya kuleta kingine. Uso wa Mwalimu ulikuwa umekonda lakini unang'aa.

"Umeona? Kila mmoja la kwake."

"Nimeona, Mwalimu."

Nikangoja. Akakirudisha kishale juu, akashuka tena, kunionyesha upya. Nikaegesha mlango, vumbi lisiingie, nikaenda zangu. Kazi ya pale sikuirudia.

Watu wanapenda kuniuliza kama namchukia. Lazaro namchukia, hilo halinisumbui. Sasa yuko Sumbawanga, mtu mkubwa, na bado akiulizwa anasema mgonjwa hakusema. Doroteo ni mvivu, mvivu humchukii, unamwogopa tu. Mwalimu sikuwa na neno lake. Nilikuwa nikimwona mbali na baiskeli, bibi amekaa nyuma, napinda njia nyingine. Nilikuwa na hasira naye kama unavyokuwa na hasira na mtu wa nyumbani.

Mwaka ule ambao redio zilikuwa zinasema kompyuta zote duniani zitachanganyikiwa tarehe ikigeuka, Mwalimu alipatwa na kiharusi. Watani wa sokoni wakasema, ona, imeanza na yeye. Alikuwa amehamia Shanwe, kwa mwanawe. Jumuiya yetu ya akina mama ilipanga zamu kwenda kumwombea, nami nikaenda, kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo.

Tulisali. Akina mama wakatoka kukaa barazani kunywa uji, na mkwe wake akawa jikoni. Mwalimu alilala kitandani, sweta lilelile, upande mmoja wa mdomo umeshuka. Maneno yake yalitoka yameteguka, lakini ukiinama karibu ulikuwa unayapata. Akaniashiria kwa mkono mzima. Nikakaa kwenye kigoda.

"Wanasema dunia itazima," akasema.

"Itazima?"

"Haizimi. Wajinga." Akapumzika. "Nilikiona."

"Ulikiona nini, Mwalimu?"

"Kishale. Siku ile. Nilikuwa nyuma yake. Hakikutoka nje."

Nje akina mama walikuwa wanacheka na jambo lao.

"Ulikiona kinateleza kwa Mektilda kuja kwangu."

"Nilikiona."

"Na ukanyamaza."

"Nikasema moyoni, nitamsahihisha wageni wakigeuka. Walikuwa wanapiga picha." Chozi lilitoka upande ule uliokufa, lile ambalo hata yeye hakulijua. "Ilikuwa kazi yangu, ile. Nilitaka ionekane nzuri."

Ningeweza kumtukana, pale alipo hana pa kukimbilia. Nikauliza lile nililotembea nalo.

"Na kikaoni? Wageni walikuwa wameshaondoka, Mwalimu. Walikuwa watu wa hapa tu. Kwa nini ulitazama mikono?"

Akafikiri. Nilijua anafikiri kwa jinsi alivyokunja paji, kama alivyokuwa anafanya rula ikiwa chini ya mstari.

"Nilidhani nikilipata kosa kwenye mashine, nitakuwa nimekujibu."

"Mimi sikuwa kwenye mashine."

"Ndiyo," akasema. "Hilo sikuliona."

Mkwe wake aliingia na dawa, Mwalimu akaisukuma kwa mkono mzima. Akaanza kujivuta kitandani, anataka kuinuka. "Nipelekeni nje," akasema. "Kwa hao." Mkwe akanitazama mimi, nikamshika bega moja, yeye jingine. Alikuwa mwepesi. Tukamkalisha barazani kwenye kiti cha kamba, akina mama wakageuka na vikombe mikononi, Mektilda akiwa mmoja wao.

Mwalimu akasema neno. Likatoka limeteguka, lote mate.

"Anataka maji," akasema mwenyekiti wetu.

"Anasema tusali tena," mwingine akasema, akaanza kutafuta rozari yake kwenye pochi.

Mektilda akanigeukia. "Melania, wewe umekaa naye. Anasema nini?"

Nilijua neno kwa neno alichosema. Ningeweza kuwaambia. Lakini ningewaambia mimi, kwa mdomo wangu, mdomo uleule uliosema zamani usisadikiwe, na wangekwenda sokoni kusema Melania anasema kwamba Mwalimu amesema. Nikafunga mdomo wangu kwa makusudi, kwa mara ya kwanza katika habari hii yote.

Mkwe akamletea maji. "Kunywa, Baba, utulie."

"Mwache," nikasema. "Aseme tena."

Akasema tena. Bado. Mwenyekiti akasogeza kiti, Mektilda akaweka kikombe chini. Mwalimu akavuta pumzi, akashika mdomo wake ulioshuka kwa kidole, akaunyanyua uwe sawa, akalisukuma neno moja moja, kama anayefundisha darasa la watoto wazito.

"Melania. Alisema. Aliniambia mimi. Niliandika. Kosa letu."

Safari hii hata jirani wa ng'ambo ya uzio aliacha kutwanga.